Kutoka Karatasi ya Printa hadi Faili: Historia ya Picha ya Skrini

Mwanachama wetu akipata barua ya kukubaliwa chuo, akimaliza kulipa ada kwa mtandao, au akiona tangazo la ufadhili lenye tarehe ya mwisho, kwanza kabisa hupiga picha ya skrini. Tunapiga picha za ratiba za mitihani, za tiketi za ndege, za ujumbe wa walimu na za mijadala mirefu ya msamiati. Kazi yenyewe huchukua sekunde moja, ndiyo maana hakuna anayekaa kitako kuifikiria.

Katika makala haya tumeamua kukaa kitako. Tunafuata historia ya picha ya skrini kwenye kompyuta ya mezani, tangu siku ambazo mtu alilazimika kusimamisha kamera mbele ya kioo, hadi leo ambapo kompyuta inaweza kujipiga picha yenyewe bila kuombwa. Tuna sababu ya kufanya hivyo. Folda ya kumbukumbu ambayo kila kamati ya chama huikabidhi kwa kamati inayofuata imejaa picha za skrini kuliko nyaraka za aina nyingine yoyote. Matokeo ya kura, mabango ya Siku ya Kiswahili Duniani, orodha za waliochangia misiba, yote yamo humo kwa sura ya picha. Atakayetaka kuandika historia ya chama hiki miaka ishirini ijayo ataanzia hapo, na ni haki yake kukuta kitu kinachosomeka na kuaminika.

Jina na kitendo

Tuanze na jina, kama ilivyo desturi ya gazeti hili. Menyu za simu za Kiswahili zinasema "picha ya skrini". Mitaani Nairobi na Dar es Salaam utasikia "skrinishoti", na kitenzi chake ni kile kile tunachotumia kwa kamera: kupiga. Wapo wanaopendelea "kiwambo" badala ya skrini, na wapo wazee wetu wanaosema "kioo" tu. Sisi tumechagua "picha ya skrini" kwa sababu Mtanzania, Mkenya, Mkongo na Mwomani wa chama hiki wote wanaielewa bila tafsiri.

Hata hivyo, neno "kupiga" linaficha jambo moja. Katika picha ya skrini hakuna lenzi wala mwanga. Kila kompyuta yenye skrini huwa na sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia kile kinachoonyeshwa wakati huo, nukta kwa nukta. Tunapobonyeza kitufe, kompyuta hunakili sehemu hiyo na kuiweka mahali pengine. Kwa hiyo picha ya skrini iko karibu zaidi na kazi ya mnakili wa hati kuliko kazi ya mpiga picha. Tofauti hii itatufaa huko mbele.

Kamera mbele ya kioo

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta chache za miaka ya 1950 na 1960 zilizokuwa na skrini zilitumia bomba la kioo lililochorwa na miale, na picha ilidumu kwa muda mfupi tu kabla ya kuchorwa upya. Aliyetaka kubaki na ushahidi alileta kamera. Mafundi wa maabara walikuwa na kamera za Polaroid zilizofungwa kwenye kifuniko cheusi, na kifuniko hicho kilikaa moja kwa moja juu ya skrini ya chombo cha kupimia mawimbi ya umeme ili mwanga wa chumba usiingie. Picha za Sketchpad, programu ya kuchora aliyoitengeneza Ivan Sutherland huko MIT mwaka 1963, zilitufikia kwa njia hiyo: ni picha za kamera zilizoelekezwa kwenye kioo.

Kazi hiyo ilikuwa na usumbufu wake. Kioo kilikuwa na mbinuko, kwa hiyo mistari iliyonyooka ilitoka imepinda. Taa za chumba ziliakisiwa. Na kwa kuwa skrini huchorwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, kamera iliyofunga haraka mno ilinasa mchoro ukiwa nusu, na ukanda mweusi ukabaki katikati. Vitabu na majarida ya kompyuta yaliendelea kutumia kamera hadi miaka ya 1980, huku wapiga picha wakizima taa, wakitumia miguu mitatu na kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu.

Kitufe cha karatasi

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, IBM PC. Kwenye kibodi yake, upande wa kulia, palikuwa na kitufe chenye alama ya kinyota na maandishi PrtSc. Ukikibonyeza pamoja na Shift, kompyuta ilisoma maandishi yote ya skrini na kuyapeleka kwenye printa. Maana ya jina la kitufe ilikuwa hiyo hiyo: chapisha skrini. Hapakuwa na faili wala folda, kilichotoka kilikuwa karatasi.

Skrini ya maandishi ya mashine hiyo ilikuwa na safu 80 na mistari 25, yaani nafasi za herufi 2,000. Printa za wakati huo ziligonga utepe wa wino kwa sindano ndogo, kwenye karatasi ndefu isiyokatika, yenye matundu pembeni. Kitufe hakikupeleka sura ya skrini, kilipeleka herufi zake tu. Rangi zilipotea. Mistari ya kupambia majedwali ilipokutana na printa isiyoifahamu ilitoka kama herufi za ajabu. Michoro haikutoka kabisa, mpaka mfumo wa DOS toleo la 2.0 ulipokuja mwaka 1983 na amri iliyoitwa GRAPHICS, ambayo ilikifundisha kitufe hicho kuchapisha hata michoro.

Tukitazama nyuma, njia hii ya kizamani ilikuwa na sifa moja ambayo leo tumeipoteza. Karatasi iliyotoka ilikuwa na maandishi halisi, na mhasibu aliyekuwa zamu angeweza kuandika tarehe juu yake kwa kalamu, kutia saini na kuiweka kwenye jalada. Nakala na maelezo yake vilikaa pamoja. Baadaye kibodi kubwa ya vitufe 101 ilikipa Print Screen nafasi yake yenyewe, karibu na F12, na hapo ndipo wengi wetu tunakikuta hadi leo.

Skrini yawa faili

Mapinduzi yalikuja tarehe 24 Januari 1984, Apple ilipotoa Macintosh. Skrini yake ilikuwa ndogo, pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Kila kilichoonekana juu yake, herufi, madirisha na vijialama, kilichorwa kwa nukta. Kwa hiyo skrini nzima ilikuwa picha tayari, hata kabla ya mtu kuipiga. Ukibonyeza Command, Shift na 3 kwa pamoja, mashine iliandika kwenye diski faili la picha ambalo lingeweza kufunguliwa na MacPaint, programu ya kuchora iliyotengenezwa na Bill Atkinson. Ukibonyeza 4 badala ya 3, nakala ilikwenda kwenye printa.

Tufanye hesabu ndogo. Pikseli 512 mara 342 ni 175,104. Kila moja ilihitaji biti moja tu, nyeusi au nyeupe, na biti nane ni baiti moja, kwa hiyo skrini nzima ilikuwa baiti 21,888. Kumbukumbu yote ya mashine ilikuwa kilobaiti 128. Sura ya skrini peke yake ilikula sehemu moja ya sita ya kumbukumbu hiyo. Hata hivyo ilitosha kwenye diski ndogo, na mwandishi wa vitabu vya mafunzo akapata jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo: mchoro safi wa skrini, bila mbinuko wa kioo, tena wa kurudufiwa mara nyingi bila kuchakaa.

Ile mantiki ya vitufe vitatu haijafa. Mwanachama mwenye Mac ya mwaka huu akibonyeza Command, Shift na 3, anafanya kitendo kile kile cha mwaka 1984.

Ubao usioonekana

Upande wa Windows, njia ilikuwa tofauti, na ndiyo njia waliyofundishwa wengi wa kaka na dada zetu. Katika Windows za miaka ya 1990, ukibonyeza Print Screen hakuna kinachotokea machoni pako. Printa hailii, faili halionekani. Skrini imenakiliwa kwenye ubao wa kunakilia, yaani mahali pa muda ambapo kompyuta huweka kitu kilichokatwa au kunakiliwa kikisubiri kubandikwa. Wazo la kukata, kunakili na kubandika lilitengenezwa katikati ya miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, walipokuwa wakiunda programu ya uhariri iliyoitwa Gypsy.

Hatua zilizofuata wengine wanazikumbuka kwa moyo. Fungua Paint. Bonyeza Ctrl na V. Kata kisichohitajika. Hifadhi, toa jina, chagua folda. Ukitaka dirisha moja tu, shika Alt kabla ya kubonyeza Print Screen. Hizi ndizo hatua zilizofundishwa kwenye saiba za Nairobi na Mombasa na kwenye intaneti kafe za Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako muda ulihesabiwa kwa dakika na kila dakika ina bei yake.

Ubao huo ulikuwa na tabia moja mbaya: ulishika kitu kimoja tu kwa wakati. Ukinakili neno moja kabla ya kubandika picha yako, picha imekwenda na hairudi. Windows ilianza kuweka orodha ya vitu vilivyonakiliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, kumbukumbu nyingi zilipotea katikati ya Print Screen na Ctrl+V.

Kulikuwa na kituko kingine. Video iliyokuwa ikicheza kwenye kompyuta za wakati ule mara nyingi ilichorwa na kadi ya michoro kwenye tabaka la pembeni, nje ya kile kilichonakiliwa. Mtu alipiga picha ya filamu, akabandika, akakuta mstatili mtupu wa rangi moja. Pengine video iliendelea kucheza ndani ya mstatili huo huo, juu ya picha yake, na alipofunga kichezeshi kila kitu kikatoweka. Lilikuwa somo zuri kwamba tunachokiona kwa macho na tunachokihifadhi vinaweza kuwa vitu viwili.

Uzito wa faili na ugomvi wa GIF

Paint ya zamani ilihifadhi picha kwa umbizo la BMP, ambalo huandika kila pikseli bila kubana chochote. Kwa rangi kamili, kila pikseli ilihitaji baiti tatu. Skrini ya pikseli 800 kwa 600 ilitoa baiti 1,440,000. Disketi ya kawaida ya inchi tatu na nusu ilibeba baiti 1,474,560 kwa jumla. Picha moja, disketi moja. Aliyekuwa na skrini ya 1024 kwa 768 hakuweza kuitia hata hiyo moja.

Dawa ilikuwa kubana. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani, CompuServe, ilitoa umbizo la GIF, ambalo lilibana picha vizuri ingawa liliruhusu rangi 256 tu. Mwaka 1992 kikaja kiwango cha JPEG, kilichotengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa maelezo madogo ambayo jicho halitayakosa kwenye uso wa mtu au majani ya mti. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, jicho huyakosa mara moja, kwani ukingo wa herufi huzungukwa na madoa kama vumbi. Ndiyo sababu picha ya skrini ya maandishi haipaswi kuhifadhiwa kwa JPEG.

Mwishoni mwa 1994 pakazuka ugomvi. Mbinu ya kubana iliyotumiwa na GIF ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na watengenezaji wa programu wakaambiwa walipie leseni. Waandishi wa programu walikasirika. Januari 1995 Thomas Boutell alitoa pendekezo la umbizo jipya, na kundi la watu wa kujitolea, wengi wao wakiwasiliana kwa barua pepe tu, likaliboresha. Matokeo yake ni PNG, iliyopata kibali cha shirika la viwango vya wavuti, W3C, mnamo Oktoba 1996. PNG hubana bila kutupa pikseli hata moja, na haidai malipo kwa mtu yeyote. Faili nyingi za picha za skrini zilizomo kwenye kompyuta za wasomaji wetu leo ni PNG, na zimetokana na ugomvi huo wa leseni.

Vitufe vya leo

Miaka iliyofuata ilifupisha hatua. Kampuni ya TechSmith ilikuwa imeanza kuuza Snagit tangu 1990 kwa watu waliohitaji picha nyingi, hasa waandishi wa miongozo. Windows Vista ilileta Snipping Tool, na mtu akaweza kuzungushia kwa kipanya sehemu anayoitaka. Windows 8 ya mwaka 2012 iliruhusu kitufe cha Windows pamoja na Print Screen kuhifadhi faili moja kwa moja kwenye folda yake maalumu. Mwaka 2017 Windows 10 ikaongeza kitufe cha Windows, Shift na S. Mwaka 2018 Mac ikapata Command, Shift na 5, inayoleta vifaa vyote pamoja.

Hatua zilipopungua, jambo moja likapotea bila kelele. Katika njia ya Paint, mtu alilazimika kutoa jina kabla ya kuhifadhi. Alisimama nusu dakika akajiuliza: hii ni nini? Siku hizi kompyuta hutoa jina yenyewe, ama namba kwenye mabano, ama tarehe na saa. Urahisi tumeupata, lakini kile kituo kidogo cha kufikiri kimeondolewa.

Kiswahili kwenye skrini

Kwa nini jambo hili liwahusu wanafunzi wa Kiswahili zaidi ya watu wengine? Tutatoa mfano mmoja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows na Office. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta ambayo kila amri yake iko kwa Kiswahili.

Kila menyu ile ilikuwa uamuzi wa kiisimu. Mtu alikaa akachagua neno la kuhifadhi, la kubandika, la dirisha, la kutendua. Baadhi ya maneno hayo yamekita mizizi na mengine yameachwa. Mwanafunzi anayetafiti msamiati wa teknolojia leo anahitaji kuona maneno hayo yakiwa mahali pake, chini ya menyu gani, kando ya kijialama gani. Programu za umri ule hazifunguki kirahisi kwenye mashine za sasa. Picha ya skrini ya menyu iliyofunguliwa ni hati ya historia ya lugha yetu.

Msomaji anaweza kusema kwamba intaneti inajihifadhi. Si kweli kwa ukamilifu. Internet Archive ilianza kukusanya kurasa za wavuti mwaka 1996, na imeokoa mengi, lakini kazi yake ni kurasa zilizo wazi kwa umma. Haioni programu iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani, haioni kundi la faragha, haioni barua pepe. Na huduma hufungwa: GeoCities, iliyokuwa na kurasa za watu binafsi kutoka pembe zote za dunia, ilifungwa Oktoba 2009 na wenye kurasa wakapewa muda tu wa kuhamisha vyao.

Ushahidi na mipaka yake

Sasa turudi kwenye ile tofauti ya mnakili na mpiga picha. Tunaamini picha ya skrini kwa sababu inafanana kabisa na kile tulichokiona. Lakini ni nakala ya kilichokuwa kwenye skrini, na kilichokuwa kwenye skrini kinaweza kubadilishwa kabla ya kunakiliwa. Kila kivinjari cha kompyuta ya mezani kina zana za watengenezaji, na kwa zana hizo mtu yeyote anaweza kufuta namba kwenye ukurasa na kuandika nyingine, kwenye skrini yake mwenyewe, kisha akapiga picha. Hakuna alama ya kufutwa itakayoonekana.

Mahakama zinalijua hilo. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahusu rekodi za kielektroniki na kinataka cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kwa chombo gani. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaelekeza kwamba uzito wa ushahidi huo upimwe kwa kuangalia unavyoaminika utaratibu wa kuutengeneza na kuutunza, na mwandishi wake alitambuliwaje. Sheria zote mbili zinauliza maswali ya mwanahistoria: nani alinakili, lini, kwa njia gani, na imekaa wapi tangu hapo?

Mpaka wa pili ni wa siri. Machi 2023 iligunduliwa kwamba Snipping Tool ya Windows 11 ilikuwa na kasoro. Mtu alipokata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile, programu iliandika picha mpya fupi mwanzoni lakini haikufuta mkia wa faili la zamani. Mwenye ujuzi aliweza kurudisha sehemu ya kile kilichokatwa. Kasoro ya aina hiyo ilikuwa imeonekana kwanza kwenye simu za Pixel za Google. Zote zilirekebishwa, ila marekebisho hayaponyi faili zilizokwisha kutumwa. Kwa sisi tunaoishi ughaibuni, tunaotuma picha za viza, pasipoti na taarifa za benki kwa ajili ya maombi mbalimbali, hili si jambo la kupuuza.

Mpaka wa tatu umefika juzi tu. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, huduma inayopiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache na kuzitunza kwenye kompyuta ili mwenye mashine aweze kutafuta alichokiona zamani. Wataalamu wa usalama walipinga vikali, huduma ikaahirishwa, na iliporudi ilifanywa ya hiari. Mwaka 2025 watengenezaji wa Signal waliifanya programu yao ya Windows ionekane nyeusi tupu mbele ya kipiga picha chochote, kwa kutumia njia ile ile ambayo kampuni za filamu hutumia kuzuia filamu zao zisinakiliwe. Kwa miaka zaidi ya 40 swali lilikuwa namna ya kuinasa skrini. Sasa limeongezeka la pili, la namna ya kuizuia isinaswe.

Mali bila daftari

Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini folda ya chama chetu ni mali pia, na daftari lake halijaandikwa.

Wanakili wa hati za Kiswahili walilijua hili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili tenzi nyingi kwa hati ya Kiarabu kwa ajili ya watafiti wa Ulaya, na wenzake wa kazi hiyo, mara nyingi waliandika mwishoni mwa nakala jina la mnakili na tarehe ya kumaliza. Kwa mistari hiyo michache, mwalimu anayefungua hati hizo leo katika maktaba ya SOAS huko London anajua anashika kazi ya nani. Sisi tuna mashine inayonakili kwa sekunde moja, na mistari hiyo ya mwisho hatuiandiki.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wanachama, na kwa kamati ijayo, utaratibu ufuatao kwa kila picha ya skrini inayoingia kwenye kumbukumbu za chama:

Kwanza, ihifadhiwe kwa PNG, isipitishwe kwenye programu za ujumbe ambazo hubana picha na kuziharibu herufi.

Pili, jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida, kwa mfano "2025-07-07 ratiba ya Siku ya Kiswahili". Kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe.

Tatu, ikiwa ni ukurasa wa wavuti, anwani yake ionekane kwenye picha, na ukurasa wenyewe uhifadhiwe pia. Picha na chanzo vikikaa pamoja, kimoja hukithibitisha kingine.

Nne, maandishi muhimu yaandikwe upya kama maandishi katika faili dogo kando ya picha, pamoja na jina la aliyepiga na sababu. Kiswahili kilichofungiwa ndani ya picha hakitafutiki, wala hakisomwi na programu zinazowasomea wasioona, nao wamo miongoni mwetu.

Tano, kabla ya kuweka picha ya mazungumzo ya mtu, aombwe ruhusa. Na penye namba ya pasipoti au akaunti, sehemu hiyo ifunikwe kwa rangi nzito, kisha picha ihifadhiwe kama faili jipya.

Walimu wetu wanaofundisha kozi za fasihi na historia wanaweza kutusaidia kwa kuligeuza hili kuwa zoezi la darasani: kila mwanafunzi achukue picha kumi za zamani kutoka kwenye folda ya chama, awaulize waliohusika, aziandikie maelezo. Wengi wa waliohusika bado wapo, wanapokea simu, na wanakumbuka. Kazi hiyo inawezekana mwaka huu kwa urahisi. Baada ya miaka kumi, watakapokuwa wametawanyika Muscat, Toronto na Arusha, itakuwa ngumu mara nyingi zaidi.